Mistari ya Wi-Fi imejaa, intaneti hakuna: anza na waya wa ghorofani

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Naishi Mbezi Beach, Dar es Salaam, nyumba ya ghorofa moja. Tuna modemu ya faiba chini sebuleni, na mwaka jana tulinunua Wi-Fi ya meshi ya vifaa vitatu vinavyosambaza mtandao mmoja kwa kushirikiana: kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja juu. Baadaye fundi akatupitishia waya kwenda kile cha juu ili kasi iongezeke. Tangu hapo, umeme ukikatika na kurudi, simu zinaonyesha mistari yote lakini zinaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Cha ajabu TV ya juu inacheza kama kawaida, na simu ya mume wangu mara inapata, mara haipati. Nikichomeka laptopu moja kwa moja kwenye modemu, intaneti ipo. Nimeriseti kila kitu mara nne. Fundi anasema ninunue kifaa cha nne. Nifanyeje?

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa, kifaa cha nne usinunue. Wi-Fi yako inafika kila chumba, ndiyo maana mistari imejaa. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na kile kifaa ilichoungana nacho, basi. Haikuambii lolote kuhusu njia ya kutoka hapo kwenda nje ya nyumba. Ni kama bomba la jikoni: linaweza kuwa jipya, limefungwa vizuri, na maji yasitoke kwa sababu koki ya kwenye tanki imefungwa. Kuongeza bomba la nne hakuleti maji.

Pili, naomba uache kuriseti. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikitoka kwenye tatizo dogo na kuingia kwenye kubwa kwa sababu ya kile kitundu cha kuchomeka sindano. Kuzima na kuwasha hakuna madhara. Kuriseti ni kufuta. Modemu nyingi za faiba zimewekewa na mtoa huduma jina la mtumiaji, nywila na mipangilio mingine ambayo wewe hukupewa. Ukiifuta, hata ile intaneti unayoipata sasa kwa laptopu inaweza kupotea mpaka waje wao wenyewe. Ya kwako imesalimika mara nne, ya tano usijaribu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Umenipa dalili nzuri sana, bora kuliko wengi wanaoniandikia. Laptopu kwenye modemu inapata, kwa hiyo faiba ni nzima, bando halijaisha, na nje hakuna tatizo. TV ya juu inapata ilhali simu hazipati, kwa hiyo meshi yote haijafa. Simu moja inabahatisha. Na yote yalianza baada ya fundi kupitisha waya. Nikiyaweka pamoja hayo manne, swali langu kwako ni moja: ule waya wa juu, huku chini umechomekwa wapi? Kwenye modemu, au kwenye kile kifaa cha meshi cha sebuleni?

Nadhani umechomekwa kwenye modemu. Mafundi wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Modemu ina matundu manne ya waya, kifaa cha meshi kina mawili au matatu, na mtu akiona tundu tupu anaona ndiyo mahali pake. Waya unaingia, taa inawaka, kasi ya juu inapanda kweli, fundi anaondoka na shukrani. Kosa linakuja kujitokeza siku umeme unapokatika.

Nikueleze kwa nini, kwa sababu ukilielewa hili hutahitaji kunitafuta tena wala kumlipa mtu.

Kila kifaa kikijiunga na mtandao wa nyumbani huomba anwani, ile inayoitwa anwani ya IP. Bila anwani hakiwezi kutuma wala kupokea chochote. Ndani ya nyumba anatakiwa awepo mgawaji mmoja tu wa anwani. Wewe unao wawili. Modemu ni mgawaji, na mara nyingi hutoa anwani zinazoanza na 192.168.1 au 192.168.100. Kile kifaa cha meshi cha sebuleni, ambacho nitakiita nodi mama, nacho ni mgawaji, na hutoa anwani zake tofauti. Deco za TP-Link, kwa mfano, hutoka kiwandani zikigawa 192.168.68, na Wi-Fi ya Google hugawa 192.168.86. Wagawaji wawili si tatizo iwapo hawakutani. Nodi mama ina mlango wa nje unaotazama modemu na mlango wa ndani unaotazama nyumba, na yenyewe imesimama katikati kama mlinzi wa geti. Simu zinaomba kwake, yeye anaomba kwa modemu, mambo yanakwenda.

Ule waya wa juu ukichomekwa kwenye modemu, umetoboa ukuta nyuma ya mlinzi. Nodi ya juu sasa imeishika modemu kwa waya na imemshika nodi mama kwa hewa, na pande mbili zilizotakiwa kutengana zimekuwa uwanja mmoja. Simu ikipaza sauti kuomba anwani, wagawaji wote wawili wanasikia, na anayejibu kwanza ndiye anayeshinda. TV yako ya juu imejibiwa na modemu, inatoka nje moja kwa moja, inacheza. Simu ya mume wako inategemea siku hiyo nani kawahi. Simu zilizojibiwa na nodi mama zinamtegemea nodi mama awatoe nje, naye mwenyewe amekwama.

Amekwama vipi? Hapa ndipo pananivutia mimi kila ninapokutana na kesi hii. Umeme ukirudi, nodi mama naye huomba anwani yake upande wa nje, kwa modemu. Ombi lake linafika kwenye modemu, linapanda ule waya mpaka nodi ya juu, linarudi kwa hewa mpaka kwenye mlango wake wa ndani, na mgawaji aliye ndani yake mwenyewe anaweza kulijibu. Amejipa anwani mwenyewe. Anaamini kuwa nje ni ndani, na kila ujumbe unaotoka kwenye simu zenu unazunguka humo humo. Taa yake inaweza hata kuendelea kuwaka rangi ya salama.

Na kwa nini iwe baada ya umeme kukatika tu? Kwa sababu anwani hutolewa kwa muda, kama kukodisha, mara nyingi kwa saa kadhaa au siku nzima. Vifaa vilivyokwisha pata anwani sahihi huendelea nayo na kuiongezea muda kimya kimya. Umeme ukikatika kila kitu kinaanza upya, wote wanaomba kwa pamoja, na hapo ndipo mbio za nani ajibu kwanza zinapoanza.

Usiniamini kwa maneno. Hakikisha mwenyewe, ni kazi ya dakika mbili. Siku tatizo likiwepo, chukua simu moja isiyopata intaneti, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao wenu, shuka chini mpaka uone anwani ya IP. Iandike. Kisha nenda kwenye TV, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, andika ya kwake. Linganisha sehemu tatu za mwanzo za namba hizo. Zikiwa tofauti, mfano moja inaanza na 192.168.1 na nyingine 192.168.68, basi wagawaji wawili wamekutana na kesi imefungwa. Zikiwa sawa, soma mpaka mwisho, kuna maelezo yako pia. Na ukikuta laptopu au iPhone ina namba inayoanza na 169.254, hiyo haikupewa na mtu. Kifaa kimeomba, hakikujibiwa, kikajitungia. Simu nyingi za Android hazijitungii, hubaki zinahangaika zikiandika kwamba zinatafuta anwani ya IP, kisha zinakata tamaa.

Tiba. Chomoa ule waya wa juu kutoka kwenye modemu. Zima modemu na nodi zote tatu ukutani, siyo kwa kubonyeza. Washa modemu peke yake na uisubiri. Usiende kwa saa, nenda kwa taa: ile iliyoandikwa PON iwake bila kupepesa, na ile iliyoandikwa LOS iwe imezima. Kwa kawaida ni dakika chache. Ndipo uwashe nodi mama, uiache itulie, kisha ya jikoni, kisha ya juu. Kwa sasa ya juu itafanya kazi kwa hewa, itakuwa na kasi ndogo kidogo, usijali. Zima Wi-Fi kwenye simu na uiwashe ili ziombe anwani upya, na TV izime uiwashe. Kama kila kitu kinapata intaneti, rudisha waya, lakini safari hii huku chini uchomeke kwenye tundu la nodi mama, siyo modemu. Huenda ni kuhamisha ncha ya waya sentimita thelathini tu.

Nodi mama ikiwa na matundu mawili, moja linapokea kutoka modemu na la pili linakwenda juu. Ukitaka na jikoni pawe na waya, nunua swichi ndogo ya matundu matano, uiweke baada ya nodi mama, kamwe isikae kati yake na modemu. Swichi haigawi anwani, ni njia panda tu, na ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na nodi ya nne.

Kuna njia nyingine, na kwa baadhi ya nyumba ndiyo bora. Programu ya meshi kwenye simu ina sehemu ya kuchagua namna ya kufanya kazi: ama kama ruta, ama kama kisambazaji tu, yaani modemu ibaki kuwa mgawaji pekee na meshi isambaze hewa. Ukichagua kisambazaji, nodi mama anaacha kugawa anwani, na hapo hata ule waya wa juu unaweza kubaki kwenye modemu kwa mifumo mingi, maana hakuna tena mlinzi wa kuzungukwa. Unachopoteza ni vile vidhibiti vya watoto na vipimo vya matumizi vinavyofanya kazi meshi ikiwa ruta. Kwa nyumba yenye simu nyingi kama yako, mimi ningeiacha meshi iwe ruta na kuhamisha waya. Modemu nyingi wanazotuletea watoa huduma zinalemewa vifaa vikifika ishirini au thelathini, na siku hizi ukihesabu simu, TV, kamera na taa, nyumba ya watu watano inafika huko bila mtu kugundua.

Jambo lingine lililoshikamana na hili: modemu yako karibu hakika inatoa Wi-Fi yake yenyewe pia. Mafundi wengine huipa jina na nywila ileile ya meshi, wakidhani simu zitachagua iliyo bora. Hazichagui hivyo. Simu ya mume wako inaweza kuwa inakamata ya modemu sebuleni na ya meshi chumbani, na ukiangalia jina huoni tofauti. Ingia kwenye ukurasa wa modemu, kwa kivinjari, kwa anwani na nywila zilizoandikwa kwenye kibandiko chini yake, uzime Wi-Fi yake. Kama hutaki kuizima, ipe jina tofauti kabisa ili ujue uko wapi.

Sasa, kama ulikuta anwani zinafanana, na waya ulikuwa kwenye nodi mama tangu mwanzo, tatizo lako ni jingine. La kwanza la kuangalia ni modemu na nodi mama kugawa familia moja ya anwani, zote 192.168.1 kwa mfano. Hapo nodi mama hajui ujumbe ni wa ndani au wa nje. Badilisha ya meshi iwe 192.168.50 au yoyote nyingine, uzime na kuwasha. Mifumo mingine hugundua mgongano huo na kujibadilisha yenyewe, mingine haigundui.

La pili ni majina. Intaneti inaweza kuwepo na bado kurasa zisifunguke, kwa sababu kile kinachotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, yaani DNS, hakijibu. Kipimo chake: kwenye laptopu iliyoungwa kwa Wi-Fi fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, njia ya nje ni nzima. Kisha andika ping na jina la tovuti yoyote unayoijua. Likikataa jina lakini namba inakubali, ingia kwenye programu ya meshi uweke DNS ya 8.8.8.8 na 1.1.1.1. Kama ni simu moja tu ya Android inayosumbua, angalia kwenye mipangilio yake kama mtu aliwahi kuweka DNS ya faragha au VPN. Watoto huweka VPN ya bure kwa ajili ya michezo, muda wake unaisha, na simu inabaki inagonga mlango uliofungwa.

Kifaa kimoja kikigoma peke yake, kiambie kisahau mtandao kisha ukiunge upya. Angalia na saa yake. Laptopu za zamani ambazo betri ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe umeme ukikatika, na tovuti salama hukataa kifaa kinachodai bado ni mwaka 2015. Nimewahi kukaa jioni nzima kwa mzee mmoja Ilala nikitafuta kosa kwenye ruta, kumbe laptopu ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma. Na kama umewasha kwenye programu kizuizi cha vifaa visivyotambuliwa, kumbuka kwamba simu za Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14 hujiunga kwa namba ya utambulisho ya kubahatisha, siyo ile halisi ya simu. Ukisahau mtandao na kuunga upya, meshi inaweza kuiona simu ya mwanao kama mgeni na kuifungia nje.

Kamera na soketi za kisasa nyingi hazisikii kabisa mawimbi ya gigahezi 5, zinataka 2.4. Hizo ziunge kwa mtandao wa 2.4, kama meshi yako inaruhusu kuutenga.

Kuhusu mahali pa kuweka nodi, nadhani yako si mbaya, ila niseme kwa wengine wanaosoma. Kosa ninalolikuta kila nyumba ni kuweka nodi pale pale pasipo na Wi-Fi. Nodi nayo inahitaji kusikia ili iweze kusema. Iweke katikati ya njia, pale ambapo mawimbi bado ni mazuri, ili yenyewe ndiyo ifike kule kubaya. Sakafu ya zege yenye nondo inameza mawimbi kuliko ukuta wa tofali, na hiyo ndiyo sababu waya wako wa juu ulikuwa wazo zuri, uliingia tu tundu lisilo lake. Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, ni kesi ya peke yake. Huko mimi sianzi hata kufikiria hewa, naanza na waya. Na usiweke nodi nyuma ya friji wala juu ya kabati la bati.

Mnaoishi karibu na uwanja wa ndege au bandari, kuna kitu kimoja cha ziada. Baadhi ya njia za gigahezi 5 zinatumika na rada, na kwa kanuni ruta ikisikia rada lazima ihame njia mara moja, na kabla ya kutumia njia nyingine ya aina hiyo isikilize kwa sekunde 60 au zaidi. Simu zinakatika kwa dakika moja kisha zinarudi. Ukiona hilo linajirudia, chagua njia za 36 hadi 48, ambazo hazina sharti hilo.

Turudi kwako, kwenye umeme. Baada ya kuhamisha waya, nunua betri ndogo ya kuhifadhi umeme kwa ajili ya ruta, zile zinazotoa volti 12, na uunge modemu na nodi mama. Soma kibandiko cha kila adapta kwanza: volti lazima zilingane, na ampia za betri ziwe sawa au zaidi. Zikiwa hazizimiki, mbio za kuomba anwani hazianzi. Betri hiyo itakusaidia pia na ule umeme unaorudi kwa kishindo, ambao unaweza kuua modemu.

Mwisho, kabla hujagusa kitu siku yoyote nyingine, angalia laptopu kwenye modemu kama ulivyofanya safari hii. Ulifanya jambo la maana kuliko yote. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Aliyeriseti modemu yake siku hiyo alihangaika na tatizo lililokuwa chini ya bahari, na aliyefuta mipangilio angeweza kubaki bila huduma hata baada ya wengine kurudi hewani.

Ukishachomoa ule waya, niandikie namba mbili: ya simu na ya TV, kama zilivyokuwa kabla na baada. Na uniambie modemu yako imeandikwa nini kwenye kibandiko, nikuonyeshe pa kuzimia Wi-Fi yake.